Tupeane uzoefu: unasomaje Biblia kila siku, na maswali magumu unayapeleka wapi?

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba tusimuliane tunavyosoma Neno, hasa pale panapokuwa pagumu.

Mimi nasoma alfajiri watoto wakiwa bado wamelala, Biblia ya Union na daftari pembeni. Sura ziko 1,189, kwa hiyo tatu kwa siku hazimalizi mwaka. Nasoma tatu Jumatatu hadi Jumamosi na tano Jumapili. Ila nilipofika Waamuzi 11 ratiba nikaiweka kando. Yeftha aliweka nadhiri kwamba akishinda vita, atakayetoka kwanza nyumbani kumlaki atamtoa sadaka ya kuteketezwa. Binti yake anatoka kumlaki kwa matari na kucheza, kumbe ameshawekewa nadhiri. Na kuhusu nadhiri ile Mungu hasemi neno. Naamini kulia na swali kama hilo ni ibada kamili. Ninyi je?

Mama, Rungwe: Amina mpendwa. Sisi Wamoravian tuna andiko la kila siku. La Agano la Kale hupatikana kwa kura kule Herrnhut, Ujerumani, utaratibu uliochapwa kitabu tangu 1731. Nyumbani tunasoma baada ya chakula cha jioni. Juzi mdogo wetu wa darasa la tatu akauliza kwa nini sadaka ya Kaini ilikataliwa. Baba yake akamsomea Waebrania 11:4, Habili alitoa kwa imani. Mtoto akasema, "Sasa Kaini aliambiwa?" Tukarudi Mwanzo 4, tukakuta Mungu alimsemesha Kaini na kumwonya kabla hajamwua ndugu yake. Sura hiyo naijua tangu Shule ya Jumapili, lakini huruma ile niliiona jioni hiyo.

Mjane, Mwanza: Tumsifu Yesu Kristo. Nafuata masomo ya Misa ya siku, na kwenye jumuiya tunashirikishana. Nilipofiwa na mume wangu kila aliyekuja alisema kazi ya Mungu haina makosa, nyamaza. Zaburi 88 ndiyo iliyonishika mkono. Zaburi nyingi za kilio hugeuka sifa mwishoni. Hii inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia. Nikalia mbele za Mungu bila kuona haya.

Kijana, Mbagala: Nasikiliza kwa simu kwenye daladala. Marko ni sura 16 tu, foleni ya Kilwa Road inatosha kufika mbali. Mstari wangu ni 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Mzee wa kanisa, Dodoma: Shalom. Mwanzisha mada, swali la Yeftha usilibebe peke yako, wapelekee wenzako kwenye kipindi cha Biblia. Anzeni na Walawi 27:1-8, panapoeleza mtu aliyewekewa nadhiri alivyoweza kukombolewa kwa fedha. Wapo wanaosema binti hakuchinjwa, alitengwa asiolewe, kwa kuwa aliulilia ubikira wake. Mimi nasoma kwamba alikufa. Ila fikeni hadi mstari wa 29 wa sura hiyo ya Walawi kabla ya kumhukumu baba yake, maana hapo ukombozi unakatazwa kwa aliyewekwa wakfu, na mjadala unaanza upya.