Kusoma logi za seva ya MDM: lnav, Graylog, au tuhamie huduma ya kulipia?

Mwana_Mikindani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, nasimamia tableti za makarani wa maghala ya korosho. Zote zimefungwa na MDM (mfumo wa kusimamia vifaa kwa mbali) ili mtu asitoke nje ya programu ya mizani. Kinachonitesa ni logi, yale mafaili ambamo seva inaandika kila tukio. Kifaa kikileta shida, bosi anauliza nani kafanya nini na saa ngapi, nami nakesha nikifukua mafaili ya maandishi mpaka macho yanauma. Msimu unafunguliwa Oktoba, nataka niwe nimeshaamua. Njia ninazoziona ni kuendelea kusoma palepale kwenye seva kwa programu nzuri kama lnav, au kusimika Graylog inayokusanya logi zote mahali pamoja, au kuachana na seva yetu tuhamie huduma ya kulipia ambayo kila kitu unakiona kwenye kurasa. Ipi bora?

mzee_wa_seva
Utashauriwaje, mkuu, na hujatupa kitu? MDM gani? Vifaa vingapi? Seva ina RAM kiasi gani? Na logi zipi hasa: za Tomcat (inayoendesha programu ya MDM), za nginx (inayopokea maombi mbele yake), za tableti zenyewe, au zile za nani kabonyeza nini kwenye paneli? Hizo ni habari nne tofauti, na kila moja inasomwa kivyake.

Chikongola01
Graylog, habari imeisha. Unatafuta kwa neno, unaweka tahadhari, bosi unampa akaunti yake anajisomea mwenyewe. Mimi siku hizi faili la logi silifungui kabisa.

Mwana_Mikindani
Samahanini wakuu, niliandika haraka. Ni Headwind, ile ya bure. Tableti 140, nyingi Tandahimba na Newala, chache Nanyamba. Seva ya kukodi iko Ulaya, Ubuntu, RAM GB 4, diski GB 40. Tomcat iko nyuma ya nginx, na hifadhidata ya PostgreSQL humohumo. Ninazosoma ni catalina.out, logi kuu ya Tomcat, na yale mafaili yake ya localhost_access_log, ya nani kaomba nini. Wasimamizi tuko watatu.

mzee_wa_seva
Haya, sasa tunaongea. Kwa GB 4, Graylog isahau. Inataka MongoDB na OpenSearch pembeni yake, na OpenSearch peke yake itakula RAM ambayo Tomcat na PostgreSQL wanaihitaji. Utaanguka siku ya mnada.
Weka lnav: sudo apt install lnav, basi. Ifungulie catalina.out na logi ya nginx kwa pamoja, itazichanganya na kuzipanga kwa saa kama faili moja. Ukibonyeza e inakurukia kwenye kosa linalofuata. Yale ya zamani yaliyobanwa kwa gz inayasoma bila wewe kuyafungua. Ukitaka kuhesabu, inakubali maswali ya SQL.

Chikongola01
Mzee, lnav ni ya mtu mmoja aliyekaa kwenye terminali. Wako watatu na bosi. Akodi seva ya pili ndogo, na kama Graylog ni nzito, aweke Loki. Yenyewe haiorodheshi kila neno, inaorodhesha lebo tu, ndiyo maana ni nyepesi.

njiapanda_nangurukuru
Mimi nasimamia simu za watu wa Kilwa na Lindi kwa Intune, MDM ya kulipia ya Microsoft. Nani kabadilisha nini naviona kwenye ukurasa, na kumbukumbu hizo zinakaa hadi mwaka mzima. Sina catalina wala nginx ya kunipigia simu usiku. Unalipa kwa mwezi, lakini unalala.

mzee_wa_seva
Tableti 140 kwa dola kila mwezi, na miezi mingi ya mwaka ziko kabatini zinasubiri msimu? Nani atasaini hiyo?

BintiMasasi
Kaka Mwana_Mikindani, kabla hujachagua soma haya, maana mimi yalinitoa machozi.
Nilikuwa kwenye taasisi moja, jina naliacha. Mwenzangu aliwasha logi za kina ili amfuatilie karani mmoja ambaye tableti yake haikuwa ikituma data. Akasahau kuzizima. Siku ya mnada, saa mbili asubuhi, simu zikaanza: tableti zinazunguka tu. Naingia kwenye seva, df -h inaniambia diski asilimia 100. PostgreSQL imesimama, haina pa kuandika. Mwenzangu kwa hofu akafuta catalina.out kwa rm. Tukapiga df tena: 100 ileile. Faili halionekani, lakini Tomcat ilikuwa bado imelishikilia, na nafasi hairudi mpaka iliachie. Akawasha upya Tomcat, nafasi ikarudi, makarani wakaendelea, ofisini watu wakashangilia.
Mimi sikushangilia. Siku mbili kabla, tableti ya mama mmoja karani ilikuwa imefutwa yote, pamoja na mizani ya siku nzima ambayo haijatumwa. Walikuwa wanamtuhumu kwamba kaifuta mwenyewe ili afiche kilo. Nilijua amri ile ilitoka kwenye paneli, niliiona kwa macho yangu jana yake jioni nikasema kesho nitainakili. Kesho yake ndiyo hiyo rm ikapita.
Kilichomwokoa ni daftari lake. Kila gunia alikuwa ameliandika kwa kalamu, namba ya mkulima na kilo, kwa mwandiko wa kubana ili karatasi isiishe. Magunia yakapimwa upya ghalani, moja moja, na yakalingana na daftari. Alisimama pale siku nzima juani akisubiri kusafishwa jina kwa kosa ambalo mimi nilikuwa na ushahidi wake nikaupoteza. Na hata faili lingekuwepo, lingesema tu "admin", kwa sababu sote tulikuwa tunaingia kwa akaunti moja.
Kwa hiyo lnav au Graylog kwangu ni swali la pili. La kwanza, ninyi watatu mna akaunti tatu? Na nakala ya logi inatoka nje ya hiyo seva kila siku?

mzee_wa_seva
Pole sana dada. Kwa wengine: diski ikijaa, nakili faili kwanza, halafu lifanye tupu kwa truncate -s 0, usifanye rm. Kama imeshafanyika, lsof +L1 itakuonyesha mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikiliwa. Na angalieni logrotate, inayozungusha logi na kufuta za zamani. Mpangilio wa jumla wa Ubuntu huzungusha kila wiki na kubakiza nne, yaani kama mwezi, na ubishi wa kilo unaweza kuibuka mwezi wa tatu baada ya tukio. Kila programu ina faili lake ndani ya /etc/logrotate.d, lisome.

Ndanda_teki
Mimi naongeza la saa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotea. Seva ya Ulaya mara nyingi iko kwenye UTC, saa tatu nyuma ya yetu. Karani wa Newala anasema tableti ilijifunga "saa nne asubuhi". Kijana mgeni anatafuta 04:00, hakuna kitu. Saa nne asubuhi ni 10:00 yetu, na kwenye logi ni 07:00. Mchana ni rahisi, chukua saa ya Kiswahili ongeza tatu. Usiku ndiyo mtego: karani akisema saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, ni 02:00 ya Jumanne, lakini kwenye logi ni 23:00 ya Jumatatu. Unafungua faili la tarehe isiyo yenyewe kisha unamwambia mtu wa watu kwamba anadanganya.

Chikongola01
Si aweke timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam yaishe?

mzee_wa_seva
Usiguse katikati ya msimu! Faili moja litakuwa na mistari ya UTC na ya kwetu, halafu nani atajua mpaka uko wapi? Abadilishe sasa kabla ya Oktoba, au aache hivyohivyo.

Chikongola01
Sasa si ndiyo tuko kabla ya Oktoba, mzee.

Ndanda_teki
Hata akibadilisha, ile ya Kiswahili inabaki. Mimi makarani wangu nimewaambia wapige picha ya skrini inayoonyesha saa. Wanasahau, lakini wengi wanatuma.

njiapanda_nangurukuru
Na wewe wa Mikindani, umesema Tomcat iko nyuma ya nginx. Hebu angalia localhost_access_log yako, anwani za IP zinatofautiana?

Mwana_Mikindani
Nimetoka kuangalia sasa hivi. Mistari yote ni 127.0.0.1. Yote! Ina maana miezi yote hii nilikuwa nasoma nini?

mzee_wa_seva
127.0.0.1 ni seva yenyewe. Ulikuwa unasoma nginx ikiongea na Tomcat. Anwani za kweli ziko /var/log/nginx/access.log, anzia huko leo. Ukitaka Tomcat nayo ionyeshe, weka RemoteIpValve kwenye server.xml, nginx itume X-Forwarded-For, na kwenye AccessLogValve uandike requestAttributesEnabled="true". Hiyo ya mwisho watu huisahau, kisha wanasema haifanyi kazi.

Ndanda_teki
Ila IP isikupe kiburi. Kwenye laini za simu wateja wengi hutokea kwa anwani moja. Usimshtaki mtu kwa IP.

BintiMasasi
Na logi zisikae milele. Zina namba za simu na mahali walipo watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Amueni muda wa kuzitunza na muuandike.

Mwana_Mikindani
Dada, akaunti tuna moja. Nimeshindwa kuandika hilo mwanzoni. Kesho asubuhi nazigawa tatu. Jumamosi naweka lnav na kunakili logi za nginx nje. Bosi bado anataka kurasa, na pesa ya seva ya pili hajaitoa, kwa hiyo Loki naiweka kiporo.

Chikongola01
Nitumie ujumbe, nina mpangilio wa Loki ulio tayari. Bosi akiuona ataitoa hiyo pesa.

Ndanda_teki
Kuna mtu anatumia lnav kwa simu, ndani ya Termux, ile terminali ya Android? Wiki ijayo nipo vijiji vya juu Newala na laptopu siibebi. Mistari ya catalina inasomeka kwenye kioo kidogo, au inakatika?

njiapanda_nangurukuru
Inakatika. Laza simu, punguza herufi. Newala upande gani? Kuna sehemu mtandao unaupata ukipanda juu ya ghala tu.