Kikingio cha upanga wa Kijapani: ni kazi ya nani?

Salaam. Marehemu babu, baharia, aliniachia sanduku hapa Mkomani, Lamu. Ndani mna kibamba cha chuma, duara, sentimita 7 na nusu, tundu lenye umbo la kabari katikati. Kimetobolewa mizabibu, na majoka mawili yanatazamana. Dhahabu imebaki penye mapindo tu. Hakina maandishi. Sonara mmoja aniambia nikipige msasa king'ae. Nifanye?

— Mwanangu, msasa usikaribie! Ile rangi ya kahawia iliyoiva ndiyo umri wake, ukiitoa hairudi. Hiyo ni tsuba, yaani kikingio cha mkono cha upanga wa Kijapani, na kwa majoka hayo ni mtindo wa Namban, uliochota nakshi za Kichina na Kizungu. Tazama mashina: yanapitana juu na chini kama ukindu kwenye mkeka, yote chuma kimoja. Nyingi za hizo hazina sahihi, basi usihangaike na jina la fundi. Chunguza kwa lenzi palipobanduka dhahabu: waona mikwaruzo ya wavu?

— Ahsante ami. Ipo, myembamba kama uzi wa kofia.

— Basi dhahabu ilishikizwa humo kwa nyundo. Pangusa kwa kitambaa kikavu, na hewa ya chumvi isikifikie.

— Nami ni msomaji mwingine: tsuba yangu ina herufi kushoto kwa tundu, nimesomewa "Bushu".

— Bushu ni mahali: mkoa wa Musashi, palipokuwa Edo, Tokyo ya leo. Jina la fundi hufuata. Lakini sahihi za kughushi ni tele. Kwanza soma chuma, kisha herufi. Weka picha ya ukingo.