Final Fantasy II: toleo la 1988, la Game Boy Advance au Pixel Remaster?

Mwanzi
Ndugu wanajukwaa, nataka kuucheza mchezo wa video wa Final Fantasy II kwa sababu ya mfumo wake wa ukuaji, ambao Akitoshi Kawazu aliubuni bila viwango vya uzoefu. Anayetumia upanga huimarika katika upanga, anayerudia uchawi huukuza uchawi huo, na anayejeruhiwa vitani huongezewa uhai. Je, ni toleo lipi linaloonyesha vizuri zaidi kile alichokusudia?

Kitasa
Ikiwa lengo lako ni kuuelewa mfumo wenyewe, tafuta toleo la Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo, la Desemba 1988. Humo nguvu za mhusika zikipanda, akili yake inaweza kushuka, kwa hiyo kila uamuzi una gharama, na huwezi kumfanya Firion, mhusika mkuu, kuwa shujaa wa upanga na mchawi hodari kwa wakati mmoja bila kulipia. Ni kweli kwamba mfumo huo una mianya: wachezaji wengi huwapiga wenzao wa kikosi kimoja ili uhai uongezeke, na hata amri uliyoichagua kisha ukaifuta huhesabiwa kana kwamba imetekelezwa. Hata hivyo, mianya hiyo inakuonyesha hesabu inavyofanya kazi ndani. Tatizo ni lugha, kwani toleo hilo halikuwahi kuuzwa rasmi kwa Kiingereza. Tafsiri rasmi ya kwanza ilikuja mwaka 2003, katika mkusanyiko wa PlayStation.

Shehena
Naheshimu hoja ya Kitasa, lakini mimi ningechagua toleo la Game Boy Advance la mwaka 2004. Liliondoa adhabu ya sifa za mhusika, kama akili, kushuka, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na faida yake katika hadithi. (Asiyetaka kujua yanayotokea aruke sehemu hii.) Nafasi ya nne ya kikosi hubadilika mara kwa mara kwa sababu wanaojiunga nawe hufa, na mchezo hauwarudishi: Josef hufa, Minwu hufa, Ricard hufa. Kwa mchezo wa mwaka 1988 huo ulikuwa ujasiri mkubwa, maana vifaa na saa ulizowekeza kwa mhusika hupotea pamoja naye. Toleo hili lina sehemu ya ziada ambamo unawaongoza marehemu hao baada ya kifo chao, na hapo ndipo nilipoona thamani yao kamili. Pixel Remaster, toleo jipya lililoboreshwa, haina sehemu hiyo.

Pwani_Mchezaji
Pixel Remaster ya mwaka 2021 ndiyo iliyo rahisi kupatikana leo, na muziki wa Nobuo Uematsu umerekodiwa upya kwa uzuri. Matoleo ya Switch na PlayStation 4 ya mwaka 2023 yanakuwezesha kuzidisha kasi ya ukuaji na kuzima mapigano ya ghafla. Ndugu Mwanzi, kwa lengo lako usiviguse vitu hivyo viwili, kwa sababu ukuaji ukiharakishwa hutaona tena uhusiano kati ya ulichofanya na ulichopata, na mfumo wa Kawazu umejengwa juu ya uhusiano huo.

Mwanzi
Nashukuru sana. Je, mfumo wa maneno ya siri unatofautiana?

Kitasa
Msingi wake ni uleule kote: unajifunza neno, kwa mfano lile la waridi mwitu linalotambulisha waasi dhidi ya Dola ya Palamecia, kisha unaliuliza kwa wengine. Sasa ushauri wa vitendo: usiwavike wote deraya nzito, kwa kuwa uzito hupunguza uwezo wa kukwepa, na katika mchezo huu kukwepa hukuokoa kuliko ulinzi. Ukishaumaliza, endelea na mfululizo wa SaGa, ulioanza mwaka 1989 kwenye Game Boy, ambako Kawazu aliyaendeleza majaribio haya kwa uhuru zaidi.

Shehena
Hapo nakubaliana naye kabisa, na kuhusu deraya pia.