Kanisa lisilo na zahanati yake lishirikiane vipi na huduma za afya baada ya kupima watu presha?

Katibu wa kamati ya afya, Newala:

Shikamooni wakubwa. Mwaka jana, Jumapili moja ya mwezi Agosti, kanisa letu lilimwalika mhudumu wa afya akapima presha na sukari baada ya ibada. Watu walijitokeza kwa wingi, akina mama wa kwaya wakapanga foleni wakiwa bado na sare zao, na kila aliyepimwa akapewa kikaratasi chenye namba zake. Tulitoa taarifa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, tukashukuru, tukaishia hapo.

Mwezi Desemba mama mmoja kati ya waliopimwa alipatwa na kiharusi akiwa shambani anaokota korosho. Tulipokwenda kumjulia hali, binti yake alikitoa kile kikaratasi ndani ya Biblia ya mama, kimekunjwa mara nne, kimeandikwa 186/112. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama alifika zahanati, na mimi nimo katika hao. Mama yu hai, lakini mkono wake wa kulia hauinuki.

Sasa waumini wanaomba tupime tena. Sitaki turudie yale yale. Kanisa kama letu, ambalo halina hospitali wala zahanati, lishirikiane vipi na huduma za serikali ili anayekutwa na tatizo asiachwe na kikaratasi mkononi?

Muuguzi mstaafu, Lindi:

Pole sana, mwanangu, na mpe pole mama huyo. Huku kusini ushirikiano wa kanisa na tiba si jambo geni: Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifika Ndanda mwaka 1906, na hadi leo watu hutoka mbali kwenda kutibiwa katika hospitali za Ndanda na Nyangao. Lakini kwa kuwa tumezoea kuona kanisa likijenga hospitali, tunadhani kanisa lisilo na majengo hayo halina la kufanya, nami naona hapo tunakosea sana.

Kabla ya kutangaza siku ya upimaji, nendeni kwa mganga mfawidhi wa zahanati yenu, naye atawaelekeza namna ya kumwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya. Muulizeni mambo mawili: dawa za presha zipo pale zahanati au mgonjwa atapewa rufaa kwenda kituo cha afya, na kliniki ya magonjwa hayo hufanyika siku gani. Kama majibu hayo hamna, ahirisheni upimaji.

Siku yenyewe msimpime mtu aliyetoka kuimba. Aketi kimya dakika 5, ameegemea kiti, miguu imekanyaga chini, na mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Kipimo cha 140/90 kwenda juu hurudiwa siku nyingine kabla mtu hajaambiwa kuwa ana presha, ila kikifika 180/110 hakisubiri: mtu huyo asindikizwe siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa bodaboda inayolipwa na kanisa. Sadaka ya nauli ya namna hiyo ingemfikisha mama yenu kwa mganga mwezi Agosti.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Mtwara vijijini:

Nakubaliana na mama yangu muuguzi, na ninaongeza kuhusu ufuatiliaji, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mtafuteni mhudumu wa kitongoji chenu mapema. Sisi hupita nyumba kwa nyumba, tunajua nani amehamia shamba msimu wa korosho na atarudi lini. Majina na vipimo vikae zahanati, visibaki ofisi ya kanisa, kwa sababu mtu ana haki ya ugonjwa wake kubaki siri, hata kwa jumuiya anayosali nayo.

Jambo la pili, mimi ni Mwislamu, na majirani zenu wengi huenda ni Waislamu pia. Ombeni upimaji ufanyike ofisi ya kijiji au uwanja wa shule, na imamu atangaze baada ya swala ya Ijumaa kama mchungaji atakavyotangaza Jumapili. Bi mkubwa wa jirani yangu alikosa kupimwa kwa kuwa tu ilikuwa ndani ya uzio wa kanisa. Hakuna aliyemkataza, aliona haya. Pia maimamu watatusaidia kuwaambia wenye presha na kisukari wamwone mganga kabla ya Ramadhani apange upya saa za dawa, badala ya kuziacha wenyewe.

Mchungaji, Masasi:

Naomba niseme lililo letu sisi watumishi. Nimewahi kuwa na muumini aliyeacha vidonge vyake baada ya kuombewa, akiamini kuwa kuendelea kumeza ni kupungukiwa na imani. Tangu hapo kila ninapomwombea mgonjwa humwambia hadharani, mbele ya kusanyiko lote, kwamba aendelee na dawa mpaka mganga mwenyewe atakapoamua vinginevyo. Presha haiumi, na mtu asiyeumwa ni rahisi sana kuamini kuwa amepona. Mganga mfawidhi anaweza kulisema jambo hilo mara mia, lakini wapo watakaolisadiki likitoka madhabahuni.

Katibu wa kamati ya afya, Newala:

Asanteni sana. Leo mchana nilikwenda kuonana na mganga mfawidhi. Amesema kliniki ni Alhamisi, na dawa moja ya presha ipo ila nyingine imekwisha, hivyo tumekubaliana tusipime hadi mzigo ufike. Jioni nimepita kwa yule mama, na binti yake ameomba awe miongoni mwa watakaosindikiza wagonjwa.