Mwenyekiti wa kitongoji anahitaji kadi ya chama ya nini?

Wakuu, hebu tuambiane ukweli. Kazi za mwenyekiti wa kitongoji tunazijua: kumgongea muhuri anayekwenda kumdhamini ndugu yake polisi, kuamua ugomvi wa mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, kushuhudia mauziano ya shamba, kuhimiza watu wazibue mtaro. Itikadi inaingilia wapi hapo? Kuna kuzibua mtaro kwa CCM na kuzibua kwa CHADEMA?

Lakini lazima awe mwanachama na adhaminiwe na chama chenye usajili. Mgombea binafsi hakuna, kuanzia kitongojini hadi Ikulu. Mahakama ya Afrika, ambayo iko hapo hapo Arusha, ilishasema Juni 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila, mwanasiasa aliyeishtaki serikali, kwamba katazo hilo linavunja haki. Fomu bado ni ileile: bila sahihi na muhuri wa chama, huteuliwi. Mzee anayeaminiwa na kitongoji kizima, ila kadi hana, kaishia hapo.

Panapoharibikia hasa ni kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea wake. Penye chama kimoja chenye nguvu, mwenyekiti anapatikana siku wanachama wa tawi wanapomalizana wao kwa wao. Wengine mnaitwa baadaye kwenda kubariki. Kwenye uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 CCM ilitangazwa kuchukua zaidi ya asilimia 98 ya uenyekiti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Weka kando kelele za wagombea walioenguliwa (na hazikuwa ndogo), bado jiulize: kwenye hizo nafasi zote, ni ngapi watu walimpima mtu na si bendera?

Kampeni zenyewe zilikuwa siku saba, 20 hadi 26 Novemba. Wanashuka wakubwa kutoka makao makuu, huyu anahubiri reli ya SGR na Bwawa la Nyerere, yule anamjibu kwa katiba mpya. Pampu ya kisima imekufa, michango ya kuitengeneza haijulikani ilipo, na jukwaani haitajwi. Vyama vyote, sitetei hata kimoja.

Akishapita sasa! Chukua mwenyekiti wa kijiji: mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu. Haitishi. Unamwuliza, anakujibu uache siasa. Anachokiogopa ni kikao cha tawi lake, na huko wewe usiye na kadi huingii.