Kopo la chumvi liondoke mezani hotelini? Mimi nasema liondoke

Jana kulizuka ubishi kwenye kibanda cha rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, hapa Kasese, Uganda. Mzee mmoja akasema, "Babu zetu walikula chumvi ya Ziwa Katwe maisha yao yote na presha hawakuijua. Haya ya kukatazana chumvi ni mambo ya kizungu." Wengi wakamuunga mkono.

Mzee wangu, shikamoo. Katwe ni fahari yetu, ila chumvi ile ilikuwa mali ya kubadilishana na vyakula, haikumwagwa ovyo. Tazama yule kijana mkaangaji: unga wa chapati ameukanda na chumvi tangu asubuhi, mayai kayapiga na chumvi, nyanya na kabichi kazinyunyizia tena. Mteja anapokea rolex, anaikunjua, anavuta kopo kabla hajaonja. Kabla hajaonja! Hapo ndipo ninapogomba.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Wastani wa dunia ni kama mara mbili ya hapo. Chumvi hushika maji mwilini, damu inaongezeka mishipani, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Na presha haiumi. Mama yangu hakujua anayo mpaka asubuhi moja kikombe cha chai kilipomponyoka, mdomo ukapinda upande. Hadi leo mkono wa kulia haujarudi sawasawa.

Wapo watafiti wanaosema kupunguza chumvi kupita kiasi nako kuna hatari. Nawasikiliza, lakini anayenyunyiza bila kuonja yuko mbali sana na upungufu. Wanaohofia rovu, ule uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa iodini, nao wana haki: chumvi yenye iodini tuendelee kuila, kipimo tu kishuke.

Kuna waliosema kopo likiondoka ni kumnyima mteja uhuru wake. Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, makopo yalitolewa mezani na anayetaka chumvi anaiomba. Uhuru wake uko palepale, ila inabidi kwanza aonje.

Wenye hoteli wa Arua, Jinja na Kampala, nawauliza ninyi hasa: mkiliweka kopo jikoni mwezi mmoja, wateja watawakimbia kweli? Aliyewahi kujaribu atueleze.