Ngano iko kwenye mimba, Monduli: nipige busta sasa au nisubiri ichanue?

MkulimaA-Town: Habari za jioni wakuu. Naishi Arusha mjini, shamba liko Monduli. Jani la mwisho limeshatoka na suke limeanza kuvimba ndani. Msimu uliopita masuke yalikuwa marefu ya kutamanisha, lakini kwenye kupura, mapepe tele. Muuza pembejeo ananishauri nisubiri ichanue ndipo nipulizie busta (mbolea ya kunyunyizia majani) ya boroni na zinki, eti inajaza suke. Bei yake inauma. Wenye uzoefu mnasemaje?

Mzee wa Ngarenairobi: Kijana, huyo anakuchelewesha. Idadi ya vijisuke, yaani vile vifungu vidogo vinavyopangana kwenye suke, inaamuliwa mapema, shina linapoanza tu kurefuka. Kila kijisuke huanza na viua (maua madogo) hata 10, lakini vinavyofika kuwa punje ni 2 hadi 5. Vingine hufa wiki chache kabla ya kuchanua, shina na suke vikigombania chakula. Kiua kikishakufa hakuna busta ya kukifufua. Na ukiona vile vinjano vinaning'inia nje, ujue chavua imeshamwagika; ngano hujichavusha yenyewe.

BintiShamba: Shikamoo mzee. Naongezea: boroni ikipungua, chavua inakuwa dhaifu na viua vinabaki wazi bila punje. Shaba nayo ikipungua ni hivyohivyo. Boroni haihami kirahisi kutoka majani ya zamani kwenda kwenye suke, kwa hiyo ukichelewa umemwagilia majani tu. Ukizidisha kipimo nayo ni sumu. Lakini mkuu, mapepe si lazima yawe ya boroni. Mvua ilikatika wakati wa mimba? Na dawa ya magugu ulipiga lini? 2,4-D ikipigwa shina limeshanyooka huharibu suke.

MkulimaA-Town: Magugu nilipiga mapema. Mvua ndiyo ilikata, suke likiwa bado ndani.

Pembejeo Fasta: Mkuu njoo PM, nina mzigo wa uhakika.

Mzee wa Ngarenairobi: Marahaba binti. Mleta uzi, huyo hapo juu ndiye tunayemsema 😂. Ukame wa wakati wa mimba huua chavua, na boroni haileti mvua. Kama roho haitulii, pulizia kipande kimoja sasa hivi, jioni jua likipoa, cha pembeni usikiguse. Wakati wa kuvuna fikicha masuke ya pande zote mbili uhesabu punje. Kuhusu udongo, waulize TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo; ngano ni kazi yao na wako hapohapo Arusha.

BintiShamba: Hela ya busta mimi ningeiweka kwenye kulinda jani la mwisho. Hilo ndilo linalolisha punje kwa sehemu kubwa. Umekagua kutu, ule ugonjwa wa ukungu wa majani?

MkulimaA-Town: Majani ya chini yana vidoa vya rangi ya machungwa, ukigusa vinaacha unga mkononi. La juu bado safi.

BintiShamba: Hiyo ni kutu! Kesho asubuhi nenda katafute dawa ya ukungu, soma lebo uone siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Busta tutaiongelea baadaye.